Kazi Nakonde, nyumbani Tunduma

Kijana wa Tunduma anayeuza katika duka la vitenge upande wa Nakonde haagi nyumbani kama msafiri. Habebi begi wala hasindikizwi stendi. Anakunywa chai, anavuka mpaka kwa miguu katikati ya akina mama wenye ndoo za nyanya na vijana wa mikokoteni, na muda si mrefu yuko Zambia, nchi yenye fedha yake, sheria zake na sikukuu zake. Tarehe 24 Oktoba, Wazambia wanapoadhimisha uhuru wao wa mwaka 1964, yeye hupumzika huku majirani zake wa Tunduma wakiwa kazini. Tarehe 9 Desemba, sikukuu ya uhuru upande wa Tanzania, mambo hugeuka.

Tunduma ipo mkoani Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Mpaka wenyewe ni wa zamani zaidi: chanzo chake ni mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890, uliogawana ardhi kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika na kuwaacha Wanyamwanga pande zote mbili. Kwa hiyo wapo wanaovuka kwenda kazini ambao njia hiyohiyo huwafikisha kwa shangazi au kwa babu. Kiswahili kinasikika sokoni Nakonde, na mfanyabiashara wa Tunduma hukosi kumsikia akipatana bei kwa Kibemba.

Lakini udugu haufuti mambo madogo ya kila siku, na hayo ndiyo humpa kazi mgeni.

La kwanza ni saa. Tanzania iko mbele ya Zambia kwa saa moja, hivyo anayetoka Tunduma saa mbili asubuhi anaingia Nakonde ikiwa saa moja. Juu ya hapo, Mzambia huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, si alfajiri. Ukiahidiwa mzigo saa kumi, uliza mapema: kumi ya asubuhi ya kwao au kumi ya jioni ya kwetu? Simu nayo haisaidii, maana ile inayojipangia saa yenyewe ikinasa mnara wa upande wa pili hubadilika bila kumuuliza mwenye nayo.

La pili ni salamu. Shikamoo ya Tunduma haina kazi kubwa mbele ya mzee wa Kibemba. Kwake heshima ipo katika "mukwai" linalofuata salamu, na katika viganja vinavyopigwa polepole huku mwili ukiinama kidogo. Kijana anayekimbilia bei kabla ya hayo huonekana hakulelewa.

Chakula nacho kina adabu yake. Unga ni uleule wa mahindi, ila nshima ya Zambia huchotwa kwa kijiko kilicholowa maji, ikawekwa sahanini madonge madogo yaliyo laini, kila mtu na yake. Aliyezoea ugali mgumu wa sinia moja, unaomegwa na mikono mitano, huona amepewa chakula cha mtoto. Pembeni huwekwa ifisashi, mboga za majani zilizoungwa kwa karanga.

Kisha kuna chikanda, ambayo safari yake huanzia Tanzania. Ni viazi vidogo vya okidi za porini, vinavyochimbwa katika nyanda za juu kusini na kupelekwa Zambia kupitia mpakani. Uchimbaji huo umewatia hofu wahifadhi wa mimea, na Kitulo, inayosifika kwa okidi zake, ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Viazi hukaushwa na kutwangwa, unga wake ukachanganywa na unga wa karanga, pilipili na magadi, kisha ukapikwa kwa moto wa taratibu hadi ushikane. Ikipoa, hukatwa vipande kama mkate. Watanzania wengi huijua kama bidhaa ya kuuza. Anayefanya kazi Nakonde hujifunza kuila.

Madereva wa malori wana ughaibuni wa aina nyingine. Kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, na wengi wanaendelea hadi Lubumbashi kwa njia ya Kasumbalesa. Kwenda hubeba mafuta, mbolea na magari, kurudi, shaba. Kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa Oktoba 2019 na Marais John Magufuli na Edgar Lungu, kililenga kupunguza kusubiri, lakini foleni bado hutokea, na hapo lori hugeuka nyumba. Utingo anawasha jiko kivulini mwa tela, nguo zinaanikwa kwenye kamba za turubai. Ubao wa drafti unawekwa juu ya kreti: kete ni vizibo vya soda, mmoja amevilaza chali, mwenzake kifudifudi. Anayefungwa anaondoka kwenye kigoda, na watazamaji wanaojua kila kitu wanabaki.

Wengine hufika kwa kazi wakaoa. Kwa Wabemba, mkwe mtarajiwa hali ukweni hadi ifanyike chilanga mulilo: upande wa bibi harusi hupika vyakula vyao kimoja baada ya kingine na kumpelekea, wakimwonyesha mezani atakachopewa. Mafunzo ya ndoa yako mikononi mwa banachimbusa, akina mama ambao mtu wa pwani angewatambua mara moja kuwa ni makungwi.

Jioni, pande zote mbili, vibanda umiza hujaa. Simba na Yanga wana wapenzi Nakonde pia, na Wazambia wamewapa sababu: Clatous Chama alitua Simba mwaka 2018, na mwaka 2024 akahamia Yanga. Mtihani wa utani ulikuja Januari 21, 2024, timu za taifa zilipokutana San Pedro, Ivory Coast, katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Simon Msuva alifunga mapema, Zambia wakabaki kumi uwanjani, halafu Patson Daka akasawazisha dakika ya 88. Siku chache baadaye Zambia ilifungwa na Morocco, Tanzania ikatoka sare na Kongo, zote zikaishia hatua ya makundi, na ubishi wa vibandani ukarudi kwa Chama.