Pikipiki ya umeme inakulaka nini? Maswali ya kujibu kabla koperative haijanunua

Ukisimamisha pikipiki ya umeme karibu na soko, watu watakuja kuizunguka. Vijana wataangalia magurudumu. Wazee watatafuta tanki ya esanse, na hawataiona. Halafu mama mmoja, mwenye magunia ya mpunga yanayongoja kusafirishwa, atauliza swali linalopita yote: "Sasa hii inakulaka nini, na chakula chake tutakitoa wapi?"

Ni swali la mtu anayejua maisha ya hapa. Esanse inayofika Kindu imesafiri mbali: kwa treni kutoka upande wa kusini, kwa barabara mbovu, pengine kwa ndege. Kila hatua inaongeza bei. Siku inapokosekana, mpunga unalala shambani na mawese yanalala kwenye bidoni. Ndiyo sababu wanachama wengi wanasikiliza wanapoambiwa kwamba kuna mashine isiyohitaji esanse.

Na si hadithi tu. Kule Kigali, kampani ya Ampersand imekuwa ikifanya kazi na pikipiki za umeme tangu mwaka 2019. Dereva hangojei batri ijae. Anaingia kwenye kituo, anaacha ile iliyokwisha, anachukua iliyojaa, anaendelea na kazi. Zimbabwe, katika wilaya ya Hwedza, wanawake wakulima wamepewa nafasi ya kutumia pikipiki za umeme za magurudumu matatu zinazoitwa Hamba, maana yake "nenda". Wanabebea mboga na mazao, na batri zake zinajazwa kwa jua.

Lakini Kigali ina rami na umeme wa mji. Sisi tuna udongo, matope na mto. Kwa hiyo tunaomba mshike neno moja: mashine ya umeme hainunuliwi peke yake. Inanunuliwa pamoja na mahali pa kuijaza. Koperative itakayonunua mashine leo na kusema "chakula tutatafuta kesho", itabaki na chuma cha kuegemeza ukutani, na deni juu yake.

Hapa chini ni maswali ambayo mtu wa mara ya kwanza anapaswa kuuliza, na namna ya kuyajibu.

Batri moja inashika umeme kiasi gani?

Umeme wa batri unapimwa kwa kilowati-saa, kama vile esanse inavyopimwa kwa lita. Tuchukue mfano wa batri ya kilowati-saa 3, kipimo ambacho kipo kwenye mashine nyingi za namna hii.

Ili muone ukubwa wake, fikirieni kile kibanda ambacho mnalipa kuchajisha simu. Kilowati-saa 3 zinatosha kujaza simu kubwa zaidi ya 100. Kwa hiyo pano ndogo inayowasha balbu tatu na kuchaji simu mbili nyumbani haiwezi kazi hii. Hata konvetisere ndogo ya wati 300 haiwezi, kwa sababu shaja ya pikipiki inaweza kuvuta wati 700 au zaidi kwa saa nne au tano mfululizo. Ukiiunga, konvetisere itajizima au itaungua.

Itatufikisha wapi?

Karatasi ya muuzaji inaweza kuandika kilomita 80. Ni kweli kwa mtu mmoja, bila mzigo, kwenye barabara nzuri. Weka kilo 300 za mpunga na mlima mmoja wenye matope, hesabu inabadilika.

Hesabu ya tahadhari ni hii: chukua kilomita za karatasi, gawanya kwa mbili. Inabaki 40. Halafu acha sehemu moja kwa tano kama akiba, maana batri haipendi kukauka kabisa, na hakuna mtu anayetaka kusukuma mashine yenye mzigo usiku. Inabaki kilomita 32.

Sasa pima njia yenu. Kama kutoka depo ya koperative mpaka soko ni kilomita 14, kwenda na kurudi ni 28. Mnafika na kurudi. Kama ni kilomita 20, kwenda na kurudi ni 40. Hapo mashine itawaacha njiani, isipokuwa mna mahali pa kujaza sokoni au batri ya pili. Na batri ikizeeka, kilomita zinapungua kidogo kidogo. Msinunue mashine inayofika "karibu-karibu".

Tuna grupu. Si tutajaza na grupu?

Hapa ndipo wengi wanajidanganya. Grupu ndogo ya esanse inakula karibu nusu lita, au zaidi, kutoa kilowati-saa moja. Kujaza batri ya 3 kunahitaji umeme zaidi kidogo ya 3, kwa sababu shaja nayo inapoteza joto. Kwa hiyo mtachoma karibu lita 2 ili mashine iende kilomita 40 na mzigo. Pikipiki ya esanse ya magurudumu matatu ingeenda njia hiyo hiyo kwa esanse ileile, au chini yake.

Yaani hamkuacha esanse. Mmeihamisha tu kutoka tanki ya pikipiki kwenda tanki ya grupu. Grupu ibaki kwa siku ya shida. Mpango wa kila siku usijengwe juu yake.

Basi jua. Pano ngapi?

Hesabu ya Kindu tuifanye kwa uangalifu, tuhesabu saa 4 tu za jua lenye nguvu kwa siku. Pano za wati 1000 kwa jumla, mfano pano nne za wati 250, zikipata saa 4 zingetoa kilowati-saa 4. Lakini vumbi, joto, nyaya na vifaa vinakula karibu robo. Zinabaki kama 3. Ndiyo batri yetu moja, kwa siku moja nzuri.

Siku nzuri zipo nyingi mwezi wa 6 hadi wa 8. Wakati wa mvua, siku ya mawingu mazito inaweza kutoa nusu, au chini ya nusu. Panga kazi kwa siku mbaya, si kwa siku nzuri.

Kuna jambo lingine ambalo watu wanalisahau: jua linawaka mchana, na mashine nayo inafanya kazi mchana. Ikiwa barabarani, haiko chini ya pano. Ndiyo maana mahali pengi wanatumia batri mbili: moja inatembea, nyingine inabaki inakula jua. Kama hamna uwezo wa batri mbili, angalieni siku za soko. Koperative inayobeba mizigo mara mbili tu kwa wiki inaweza kujaza batri moja polepole, siku mbili, na pano za wati 500. Ile inayobeba kila siku haiwezi.

Na msiunge pano moja kwa moja kwenye batri ya pikipiki. Lazima kuwe na kifaa cha kati kinacholingana na volti na aina ya batri hiyo. Shaja ya batri ya risasi, ile nzito ya kawaida, isitumike kwa batri ya litiamu. Mwombeni muuzaji alete shaja na vifaa vya pano pamoja na mashine, na avijaribishe mbele yenu.

Rezo ikikatika, mashine itasimama?

Swali hili halikuwepo kwa pikipiki za zamani. Mashine nyingi za umeme zina laini ya simu ndani. Inapeleka habari kwa kampani: mashine iko wapi, batri imebaki kiasi gani, imepata joto gani. Mashine inayotolewa kwa mkopo inaweza pia kufungwa kwa mbali kama malipo hayajafika. Anayetumia vifaa vya jua vya kulipia kidogo kidogo anajua namna hiyo: umelipa, umepata kodi, hujalipa, giza.

Kutembea kwenyewe hakuhitaji mega. Umeme unatoka kwenye batri kwenda kwenye mota, rezo haina kazi hapo. Shida inaweza kuja wakati wa kuwasha, wakati wa kubadilisha batri kituoni, au wakati wa kuthibitisha malipo. Kwa hiyo ulizeni muuzaji maneno haya manne:

Kwanza, mashine inaweza kukaa siku ngapi bila rezo kabla haijajifunga? Pili, malipo yakifanyika kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, kodi inakuja kwa mesaji ya kawaida au lazima intaneti? Mesaji inapita hata pale mega haziingii. Tatu, kama mashine imejifunga na sisi tumelipa, nani anaifungua, na kwa muda gani? Nne, tukimaliza kulipa deni lote, kufuli hiyo inatolewa kabisa?

Halafu msikubali jibu la mdomo tu. Chukueni mashine ya majaribio mpaka mahali ambapo simu zenu zote zinaonyesha hakuna rezo. Izimeni. Ngojeni kidogo. Iwasheni tena. Jaribio hilo halina gharama, na linasema zaidi ya karatasi kumi.

Namba ya nani?

Mashine ya mkopo inaandikishwa kwa namba ya simu. Mara nyingi inakuwa namba ya rais au ya mtunza hazina, kwa sababu ndiye aliyekuwepo siku hiyo. Mwaka unaofuata mtunza hazina amehama, au laini imepotea, na koperative haiwezi tena kupokea kodi ya mashine yake yenyewe.

Nunueni laini ya koperative. Iandikishwe kwa mapatano ya komite, namba ya siri ijulikane na watu wawili, na kila malipo yaandikwe kwenye daftari siku ileile.

Mvua, mto na usalama

Mvua ya kawaida si tatizo kwa mashine iliyotengenezwa vizuri. Kuzama ni tatizo. Msivuke kijito ambacho maji yanafika kwenye batri au mota. Kwenye mtumbwi wa kwenda Alunguli, funga mashine vizuri, izime, na batri inayotoka ibebwe peke yake mahali pakavu.

Usijaze batri iliyolowa. Usiijaze ndani ya chumba ambacho watu wanalala, wala karibu na bidoni za esanse. Batri iliyovimba, inayotoa harufu au iliyopasuka isijazwe tena, na fundi wa kijiji asiifungue. Kama mashine itapumzika msimu mzima, iachwe na nusu ya umeme, kivulini.

Na gari la umeme je?

Wapo wanaouliza. Gari la kawaida la umeme lina batri ya kilowati-saa 40 au 60. Zile pano zetu nne zingehitaji kama wiki mbili au tatu za jua zuri kulijaza mara moja. Gari linafaa pale penye umeme wa uhakika. Kwa koperative ya kijiji hapa Maniema, mwanzo ni mashine ndogo, njia fupi, mzigo unaojulikana.

Karatasi ya kupeleka kwenye mkutano mkuu

Kabla ya kupiga kura, andikeni ukutani mistari hii mitano, mjaze wenyewe:

1. Kilomita za kwenda na kurudi sokoni, na mara ngapi kwa wiki.
2. Lita za esanse tunazotumia sasa kwa mwezi, na bei ya lita hapa kwetu leo na wakati wa shida.
3. Bei ya mashine, batri ya pili, pano, vifaa na usafiri mpaka depo, vyote pamoja.
4. Garanti ya batri ni miaka mingapi, na fundi wake anakaa wapi. Kama anakaa Goma au Kinshasa, nani analipa safari?
5. Siku ngapi mashine inaishi bila rezo, kama tulivyojaribu wenyewe.

Gawanyeni mstari wa 3 kwa pesa ya esanse ya mwezi mmoja. Jibu ni idadi ya miezi ya kurudisha pesa yenu. Kama ni ndefu kuliko garanti ya batri, ngojeni kwanza, au tafuteni koperative jirani mnunue pamoja. Kama ni fupi, na njia yenu iko ndani ya kilomita za tahadhari, mnaweza kuzungumza na muuzaji bila woga.

Kobalti na shaba ya nchi yetu zinaingia kwenye batri nyingi za dunia. Batri ikirudi kwetu, iturudie kwa hesabu yetu. Yule mama wa sokoni ameshauliza swali la kwanza. Mkimpa jibu la kweli kabla ya kusaini, gunia lake litafika.

Anayetaka kusaidiwa kufanya hesabu hii aje na daftari ya koperative kwa monitere wa kilimo wa sekta yake. Msije na karatasi ya muuzaji peke yake.