Konokono wa bahari asiye na gamba: Rangi yake hubaki pichani

MKOA wa Pwani umepewa jina la bahari, lakini Kibaha, makao makuu yake, haina ufukwe. Kisarawe nayo ni hivyo hivyo. Mkazi wa huko anayetaka kumwona konokono wa bahari asiye na gamba hulazimika kusafiri hadi Bagamoyo au Dar es Salaam, na asipojua saa za maji kupwa atarudi mikono mitupu.

Mnyama huyo asichanganywe na jongoo bahari, ambaye ni jamaa wa kiti cha pweza. Huyu ni ndugu wa konokono wa shambani, ila gamba lake limetoweka au limebaki dogo ndani ya mwili. Wengi hawafikii ukubwa wa ukucha.

Katika nchi za bahari baridi, hutafutwa juu ya mwani mkubwa unaoota kama msitu. Maji ya Tanzania ni ya joto na mwani huo haupo. Hapa hutafutwa kwenye mwani mdogo, majani ya bahari na chini ya mawe. Wakati mzuri ni bamvua, mwezi unapoandama na unapopevuka. Wa kijani, wa jenasi Elysia, ndio wagumu kuwaona: hufyonza utomvu wa mwani, na baadhi yao huhifadhi mwilini chembe zake za kijani, zikaendelea kunasa mwanga wa jua.

Kumpiga picha si burudani tu. Akitolewa majini hunywea na kuwa bonge la ute. Akitiwa katika spiriti, rangi hupotea, ilhali spishi nyingi hutambulika kwa rangi. Tatizo hilo lilimkabili Sir Charles Eliot, Kamishna wa Uingereza katika Afrika Mashariki kati ya 1900 na 1904, ambaye pamoja na shughuli za utawala alichapisha maelezo ya konokono hao wa Zanzibar. Zama hizo tegemeo lilikuwa mchoro na maelezo yaliyoandikwa mnyama akiwa hai.

Leo simu yenye kamera nzuri yatosha. Mnyama aachwe majini, apigwe picha pamoja na mwani alioukalia, kwani huenda ndio chakula chake, kisha mahali na tarehe viandikwe. Jiwe lililogeuzwa lirudishwe lilivyokuwa: utepe mwembamba uliojiviringisha chini yake huenda ni mayai, na jua la saa nne huyakausha upesi.