Sumaku, Waya na Njia ya Misafara

Sisi watu wa visiwani tumezoea kuamini kwamba matetemeko ya ardhi ni mambo ya bara. Imani hiyo ilipata jibu lake tarehe 12 Agosti, 2020, saa mbili za usiku, pale tetemeko lililokaribia kipimo cha 6, lenye chimbuko chini ya bahari, lilipotikisa Dar es Salaam na Unguja kwa pamoja. Miaka minne kabla yake, tarehe 10 Septemba, 2016, tetemeko la Bukoba liliua watu wasiopungua 17. Na huko Rukwa, mwaka 1910, lilitokea tetemeko la kipimo cha takriban 7.4, mojawapo ya makubwa kabisa yaliyopata kupimwa barani Afrika.

Wazee wetu waliovuka kwenda Bagamoyo, wakapita Mpwapwa na Ugogo hadi Tabora na Ujiji, walikuwa wakilikata Bonde la Ufa bila kujua. Tawi lake la mashariki linafika upande wa Dodoma; tawi la magharibi ndilo linalolala chini ya Ziwa Tanganyika. Katikati ipo Tabora, juu ya mwamba mkongwe uliotulia kwa zaidi ya miaka milioni 2,000. Mahali palipotulia ndipo panapofaa kusikilizia.

Chombo cha kusikilizia si muujiza. Uzito huning'inizwa kwenye mkono unaocheza kama lango la ua. Ardhi ikitikisika, fremu huenda nayo, lakini uzito huchelewa. Koili ya waya mwembamba wa shaba ikifungwa kwenye mkono huo, na sumaku zikiwekwa kwenye fremu, mwendo huo huzaa umeme kidogo unaoweza kukuzwa na kuandikwa. Mrusi Boris Galitzin alitumia kanuni hii mwaka 1906, na leo mafundi wa nyumbani duniani kote wanaitumia.

Siri imo katika mpangilio. Pande mbili za koili zikikaa katika uga wa sumaku wenye mwelekeo mmoja, umeme wa upande huu hufuta wa upande ule, na fundi hulaumu waya bure. Yafaa upande mmoja upitiwe na uga unaopanda na wa pili uga unaoshuka. Hapo nguvu hujumlishwa. Bamba la chuma nyuma ya sumaku huongeza nguvu ya uga, na bamba la shaba linalopita baina ya sumaku nyingine huutuliza mkono usiendelee kubembea baada ya tetemeko kwisha. Sumaku na waya wa kuanzia vinapatikana hata katika spika na transfoma za redio mbovu.

Kwa nini basi shule za sekondari za Tabora, Dodoma na Ujiji zisiwe na vyombo hivi? Mawimbi ya kwanza huyatangulia ya pili, na kila sekunde moja ya tofauti ni takriban kilomita 8 za umbali. Vituo vitatu vyenye saa sahihi huonyesha chimbuko. Hata hivyo, tunatoa tahadhari: vituo vilivyopangwa katika mstari mmoja, kama ilivyo njia ya misafara, huacha shaka iwapo chimbuko liko kaskazini au kusini. Kwa hiyo hapana budi kuwe na kituo nje ya mstari, kama Mwanza au Mpanda, ambako reli pia inafika, na kingine Pemba.

Hatusemi kwamba chombo hiki kitatabiri tetemeko. Hakuna chombo kinachoweza kufanya hivyo. Wala hakitachukua nafasi ya vyombo vya wataalamu. Kitakachofanya ni kuongeza kumbukumbu za mahali ardhi inapopasuka, na kumbukumbu hizo ndizo zitakazomwongoza mhandisi anayejenga shule ya matofali Kigoma, au anayekarabati nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe.

Tunawaomba viongozi wa elimu wa pande zote mbili za Muungano, Taasisi ya Jiolojia iliyoko Dodoma na Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa ya Zanzibar wakae pamoja na kulizungumza jambo hili. Gharama yake ni ndogo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi tunaongeza kwamba hauzibiki ufa usiojulikana ulipo.