Mwaka wa Mkulima wa Fukayosi Hauanzi Januari

Kila Januari redio hujaa ushauri wa fedha: tenga asilimia 10 ya mshahara, andika bajeti ya mwezi, weka akiba kabla ya kutumia. Ni ushauri mzuri kwa mwenye mshahara. Fukayosi, kando ya barabara ya lami ya kilomita 64 inayotoka Bagamoyo hadi Msata, watu wengi hawana mwisho wa mwezi. Pesa huja kwa mkupuo, kisha hupita miezi mingi haijabisha hodi tena.

Ufuta wa ukanda huu huvunwa masika yakishakatika, ukapelekwa ghala la chama cha ushirika (AMCOS) na kupigwa mnada. Mananasi, ambayo ndiyo sifa ya majirani wa Kiwangwa, hufurika mwishoni mwa mwaka, na wingi huo huo ndio unaovunja bei. Januari ikifika, shule zinafunguliwa na shamba linataka kusafishwa kabla ya mvua za Machi. Ada ya shule za serikali hadi kidato cha nne ilifutwa mwaka 2016, lakini sare, viatu, begi na madaftari vinanunuliwa kama kawaida. Basi Januari ya mkulima ni mwezi wa kutoa tu, na anayeanza kupanga fedha zake hapo amechelewa miezi sita.

Watu wa pwani walikuwa na mwaka wao, na haukuanza Januari. Makunduchi, Unguja, bado wanausherehekea Julai kwa sherehe ya Mwaka Kogwa. Kuanzia siku ya kwanza ya mwaka huo siku zilihesabiwa kumi kumi, kila kumi mwongo mmoja, na kwa hesabu hiyo mkulima alijua lini apande na mvuvi alijua upepo gani unakuja. Mwaka ulifunguliwa masika yameisha na mavuno yanaingia nyumbani. Naamini huo ndio wakati wa kuweka azimio la fedha huku kwetu, siku ile malipo ya ufuta yanapoingia.

Siku hiyo pesa igawanywe kabla haijazoea mfukoni. Fungu la kwanza ni la shamba lijalo: trekta au vibarua, mbegu, palizi. La pili ni la shule, na hili lisikae kama noti. Madaftari na sare vinunuliwe Julai hiyo hiyo, sare iwe kubwa kidogo maana mtoto anakua. Noti iliyokaa ndani miezi sita itakutana na msiba, harusi na shemeji mwenye shida, na hakuna wa kumlaumu, maana ndivyo tunavyoishi. Daftari halikopwi.

Fungu la chakula ndilo wengi hukosea. Mahindi huuzwa yote wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, kisha familia ile ile huyanunua tena Januari na Februari kwa bei ya juu. Magunia mawili yaliyofungwa kwenye mifuko ya kinga njaa, ile inayozuia hewa isipite na wadudu wakafa bila dawa, ni akiba yenye faida kuliko kibubu chochote. Vivyo hivyo shamba la mihogo. Muhogo unaweza kungoja ardhini hadi siku ya haja, nao hauwezi kutumwa kwa simu kwenda kwa mtu.

Asiyejipanga hukutana na mikopo ya kausha damu, na jina hilo wananchi hawakulitoa kwa utani. Tuseme umekopa 100,000 Januari kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, ukawa unalipa riba peke yake ukingoja ufuta. Kufika Julai umeshatoa 120,000, na laki moja ya watu bado unadaiwa. Kukopa harusi, kulipa matanga. Wengine siku hizi hukopa kwenye simu, na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kabla ya kubonyeza "kubali", uliza leseni. Kama hawana, usiwape namba za ndugu zako.

Kimbilio la karibu zaidi ni kikoba. Utaratibu wa hisa, sanduku lenye kufuli tatu na funguo kushikwa na watu watatu tofauti, ulikua kutokana na vikundi vya akiba vilivyoanzia Niger mwaka 1991 kwa shirika la CARE, ukaenea sehemu nyingi za Afrika kwa sababu unamfaa mtu ambaye kipato chake hakitabiriki. Wiki ya biashara nzuri unanunua hisa tano, wiki mbaya unanunua moja. Riba mnayolipana hurudi kwenu wenyewe. Kikundi kikisajiliwa, kama Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavyotaka, kinaweza pia kuomba mkopo usio na riba kutoka asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu.

Nina ugomvi mmoja tu na vikoba vyetu. Vingi huvunja, yaani hugawana akiba, Desemba. Mama ameweka hisa mwaka mzima, anapokea laki zake wiki moja kabla ya Krismasi, na shule inapofunguliwa anarudi kukopa. Tarehe ya kuvunja haikuandikwa na serikali. Imo kwenye katiba ambayo wanachama wenyewe waliipitisha. Vikundi vinavyogawana Desemba huanza mzunguko mpya Januari, na kikao cha kwanza ndicho cha kupitia katiba. Mwanachama mmoja anyooshe mkono, aombe tarehe isogezwe hadi wiki ya kwanza ya Januari, sikukuu zikiwa zimepita na shule hazijafunguliwa.