Nimepunguza Ugali, Sikuususia

Mnamo mwaka wa 1863, William Banting, mwandaa mazishi wa London, alichapisha kijitabu akieleza alivyopunguza uzani kwa kuacha mkate, sukari, bia na viazi. Jina lake likazaa kitenzi: Waswidi hadi leo husema 'banta' kwa maana ya kujikondesha.

Kwetu, ndugu msomaji, kukonda ni dalili ya dhiki, na asiyekula ugali huhesabiwa hajala. Daktari aliponitahadharisha kuhusu kisukari, niliuacha ugali kabisa. Sikutimiza mwezi, mama alidhani nimekasirishwa nyumbani kwake! Sasa nala kipande kisichozidi ngumi, kwa sukuma wiki tele na omena. Kilo sita zimeniondoka katika muda wa mwaka mmoja. Mama angali anauliza ni nani anayeninyima chakula.