Kivu: Si kila kijana anayeyumba usiku amelewa tu

Mdomo unaenda upande mmoja, mkono unalegea, maneno hayatoki vizuri. Katika nganda za Bukavu, Goma ao Uvira, wenzake watasema amezidisha lutuku, wamlaze mpaka asubuhi. Lakini inaweza kuwa kiharusi, kile waganga wanaita AVC, na hakishike wazee peke yao.

Pombe nyingi inapandisha shinikizo la damu. Inaweza pia kuvuruga mapigo ya moyo, damu igande humo, kisha bonge lake liende kuziba mshipa wa ubongo. Kwa mnywaji wa miaka mingi ambaye ini lake limechoka, damu haigande vizuri. Mshipa ukipasuka, inavuja ndani ya kichwa.

Shirika la afya duniani, OMS, linahesabu kuwa unywaji mzito ni gramu 60 za alkoholi safi ao zaidi kwa mara moja. Bia ya santilita 72 yenye asilimia 5 ina gramu 28 hivi. Chupa mbili, umekaribia. Ya tatu, umepita. Kwa lutuku hesabu haiwezekani: inauzwa bila mtu kupima nguvu yake.

Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inatolewa ndani ya masaa 4 na nusu tangu dalili kuanza, tena baada ya skana kuonyesha kwamba hakuna damu inayovuja. Usingizi wa benchi unakula masaa hayo yote. Asubuhi upande mmoja hauamke, na familia inaanza kutafuta nani aliyemwekea sumu.

Mwambie acheke, kisha ainue mikono yote miwili. Mmoja ukianguka, tafuteni pikipiki ao gari usiku ule ule.