Waridi la Buluu: Jina na Rangi Yake

Katika Kiswahili, waridi ni ua na pia ni rangi. Msemaji asemapo «rangi ya waridi», hahitaji kufafanua zaidi. Kwa hiyo usemi «waridi la buluu» unabeba ndani yake namna ya ukinzani. Hata hivyo, tangu mwaka 2009 ua lenye jina hilo limeuzwa nchini Japani na kampuni ya Suntory. Yafaa kueleza lilivyopatikana, kisha kupima iwapo jina linaafikiana na kitu chenyewe.

Rangi ya maua mengi hutokana na antosianini. Miongoni mwa asili zake kuu, pelargonidini huelekea rangi ya chungwa na nyekundu, sianidini nyekundu na waridi, delfinidini zambarau na buluu. Waridi halina kimeng'enya cha kutengeneza delfinidini. Hivyo, kuzalisha waridi kwa waridi kulikuwa kazi bure, kwani mzazi hawezi kurithisha asichokuwa nacho. Ilibidi jeni itolewe katika mmea wa jamii nyingine. Ile ya petunia ilijaribiwa isifae. Ya viola ikafaa.

Mchukuzi wa jeni ni bakteria wa udongo, Agrobacterium tumefaciens, ambaye kwa tabia yake hupenyeza sehemu ya DNA yake katika seli za mimea. Lakini seli chache tu hupokea jeni hiyo, na seli moja si ua. Hapo ndipo ukuzaji wa tishu unapohitajika: seli hulishwa sukari, madini na homoni katika chombo kisicho na vijidudu, hadi ziwe mmea kamili. Mwaka 1957, kwa kutumia tumbaku, Skoog na Miller walionyesha kwamba auksini ikizidi, mizizi huota. Sitokinini ikizidi, machipukizi hutokeza.

Delfinidini ilipatikana kweli, lakini buluu haikupatikana. Utomvu wa seli za petali za waridi una asidi, na katika asidi delfinidini huelekea wekundu. Atazamaye ua hilo huona zambarau. Mwaka 2017 watafiti wa Japani walitangaza krisanthemu ya buluu halisi. Huko ziliongezwa jeni mbili, moja ya kampanula na nyingine ya Clitoria ternatea, ambayo hubandika sukari kwenye antosianini.

Mfasiri wa Kiswahili anakuta hapa swali lake. Jina la biashara ni haki ya mwuzaji, nalo laweza kubaki lilivyo. Bali maelezo ni amana ya msomaji. Lugha iliyo na samawati, buluu na zambarau haina sababu ya kuona kwa jicho la tangazo: ua la zambarau na liitwe la zambarau.